Broila Nyanda za Juu Kusini: ile dawa ya kuanzia ndiyo inayotufugia salmonela sugu

Bwana Vifaranga (mwanzisha uzi)

Kamwene kwa wa Iringa, salamu kwa wa Mbeya, Njombe na Songwe.

Uzi huu ni wa wafugaji wa kuku wa nyama, hasa mnaojiandaa kuingiza vifaranga Juni na Julai. Jambo langu ni moja. Ile dawa ya kuanzia, yaani antibayotiki mnayoikoroga kwenye maji tangu kifaranga anatoka kwenye boksi mpaka siku ya tano, iacheni. Salmonela haizuiliki kwa njia ile. Kinachofanyika ni mchujo: bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na banda zima linakuwa lao.

Najua mawe yatarushwa, kwa hiyo nieleze kwa kirefu.

Kwa nini huku kwetu dawa ya kuanzia imekuwa kama sheria? Baridi. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzijoto 32 mpaka 35 pale alipo yeye, usawa wa mgongo wake, si pale kichwa cha mfugaji kilipo. Sasa ingia banda la Uyole au Makambako saa kumi usiku mwezi wa saba. Jiko moja la mkaa katikati, turubai limechanika upande wa mlango, vifaranga wamerundikana kona moja. Hawali, hawanywi, na kile kiini cha yai wanachotoka nacho tumboni hakinyonywi. Siku ya tatu kinyesi kimegandia nyuma, mbawa zimeshuka, asubuhi unaokota mizoga.

Mfugaji anakimbilia duka la dawa za mifugo: "Wanahara nyeupe." Anapewa OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya kundi la tetrasaiklini) na vitamini. Siku hiyo hiyo, kwa hofu, anaongeza jiko la pili na kuziba turubai. Vifo vinapungua. Sifa anapewa nani? OTC.

Mimi nikiitwa, kabla sijauliza habari ya dawa naokota kifaranga na kugusisha miguu yake kwenye shavu langu. Miguu ikiwa ya baridi, nusu ya jibu ninayo. Napapasa kile kifuko cha chakula kifuani: kikiwa kitupu saa 24 baada ya kuingia bandani, hajala huyo, na asiyekula hanywi. Nikimpasua aliyekufa, mara nyingi nakuta kiini bado kikubwa, rangi ya kijani-kijani, kinanuka. Hicho kimeoza kwa bakteria wa kila namna, wengi wao ni E. koli waliopita kwenye kitovu ambacho hakikufunga vizuri. Kumwita huyo mgonjwa wa salmonela kwa kumtazama nyuma tu ni kupiga ramli.

Na salmonela yenyewe tusiiseme kwa jumla. Ukoo wake una aina zaidi ya 2,500. Zipo mbili zinazomuua kuku mwenyewe: Pullorum, ambayo ndiyo kuhara nyeupe halisi ya vifaranga, na Gallinarum, taifodi ya kuku. Kwa binadamu hizo si tishio kubwa. Taifodi ya binadamu inaletwa na Typhi, nayo haikai kwa kuku, inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu kupitia kinyesi, maji na chakula. Halafu kuna kundi la tatu: Enteritidis, Typhimurium, Kentucky, Infantis na wenzao. Hao kuku anawabeba, anakula, ananenepa, wiki ya sita anauzwa na kilo zake mbili akiwa hana dalili hata moja. Anayeumwa ni mlaji, au mtoto wa mfugaji anayecheza uwanjani. Na ugonjwa usiomtia mfugaji hasara hakuna anayehangaika nao.

Sasa tuje kwenye zile siku tano. Mwaka 1971 Ufini walipata balaa la Infantis kwenye broila. Watafiti wawili, Nurmi na Rantala, wakatoa majibu ya majaribio yao mwaka 1973: vifaranga wa siku moja walionyweshwa bakteria kutoka kwenye utumbo wa kuku mkubwa mwenye afya hawakushikwa na salmonela kirahisi kama wenzao. Maana yake ni nini? Kifaranga wa mashine hana mama wa kumwachia bakteria wema. Utumbo wake ni nyumba tupu, na siku zile za kwanza ndizo wapangaji wanaingia. Atakayewahi ndiye mwenye chumba. Wewe siku hizo hizo unamwaga antibayotiki, unawafukuza wema, na salmonela iliyokwisha kuzoea OTC inaingia bila mpinzani.

Dozi nayo ni vituko. Kijiko cha chai kwa ndoo, kijiko chenyewe kila nyumba na ukubwa wake. Kifaranga anayetetemeka hanywi maji ya kutosha, kwa hiyo dawa iliyo kwenye maji anaipata robo. OTC inaharibika ikikaa kwenye mwanga, na ikikutana na kalsiamu ya kwenye vile viongeza vya madini inashikwa, haiingii mwilini inavyotakiwa. Dozi pungufu namna hiyo inampa bakteria mazoezi.

Na bakteria harithi usugu kutoka kwa mzazi wake tu. Kuna vipande vya vinasaba vinaitwa plasmidi, wanapeana wao kwa wao hata kama si ukoo mmoja. E. koli wa tumboni mwa kuku anaweza kumpa salmonela. Kwenye plasmidi moja unaweza kukuta usugu wa tetrasaiklini, ampisilini, salfa na streptomaisini umefungwa fungu moja. Kwa hiyo ukimwaga OTC peke yake unamtunza pia yule anayegomea ampisilini ambayo hukuwahi kuinunua.

Karibuni, matusi kidogo tu.

Mtoto wa Ghana

Nimevuta kiti. Naagiza chipsi kuku kwanza halafu narudi kusoma.

MamaBroila Kihesa

Kaka Bwana Vifaranga, umeeleza vizuri lakini wewe unaongea, sisi ndio tunaolala bandani. Mimi nina mkopo wa kikundi. Nikiingiza vifaranga bila OTC, wakaanza kufa, hiyo marejesho utanilipia wewe? Mbona wanaouza vifaranga wenyewe wanatuandikia kwenye karatasi: siku ya kwanza mpaka ya tano antibayotiki na vitamini? Tumwamini nani?

Bwana Vifaranga

Dada yangu, swali zuri na sitalikwepa.

Ile karatasi inamlinda muuzaji. Vifaranga wakija na kitovu kibichi au wamesafiri usiku kucha ndani ya basi la baridi, OTC inafunika matokeo kwa wiki moja hivi, malalamiko hayafiki kwake. Kiangulio kikiwa safi na mayai yakitoka kwa wazazi waliopimwa, hakuna sababu ya kumpa dawa kifaranga mzima. Na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba wanyama wenye afya wasipewe antibayotiki za kukuzia wala za kuzuia magonjwa. Waswidi, nchi yenye baridi kuliko Makete, walipiga marufuku zile za kukuzia mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote ukafuata Januari 2006. Broila wanakula mpaka leo.

Sasa marejesho yako. Sikwambii uache dawa halafu ukae na jiko moja. Fedha ya dawa ihamishie kwenye joto. Washa majiko siku moja kabla vifaranga hawajafika, sakafu na maranda vipate moto, maana maranda ya baridi yanamnyonya kifaranga joto kupitia miguuni hata kama hewa ni ya moto. Mpo jirani na Mafinga, maranda ya misonobari hayajawahi kuwa shida kwenu, mwaga mazito na yawe makavu. Shusha dari: shona viroba vya salfeti utandaze juu ya bruda, pale vifaranga wanapolelewa kwa joto, usawa unaoweza kuufikia kwa mkono, vinginevyo unapasha moto bati. Mkaa uwashe nje mpaka moshi uishe, ndipo uingize, na juu kabisa acha upenyo. Wapo wanaoziba mpaka hewa ya mkaa inaua vifaranga, halafu wanaita ni kideri.

Maji ya kwanza yawe ya uvuguvugu, yenye glukosi. Basi. Kila wiki unapunguza kama nyuzi tatu. Kipimajoto ukikikosa, watazame wamelalaje: wakitawanyika vizuri na kulialia kwa sauti ndogo wako sawa, wakikimbilia pembeni wakitweta joto limezidi, wakirundikana chini ya jiko umewaonea.

Usiku wa pili na wa tatu ndiyo mtihani. Kama huwezi kuamka saa nane kuongeza mkaa, weka mtu.

Muuza Pembejeo Mwanjelwa

Mkuu, tuheshimiane. Mteja ameingia dukani ana haraka, bodaboda inamsubiri na vifaranga wake wanakufa. Nimwambie "nenda kanunue mkaa"? Atavuka barabara aende duka la pili, atauziwa dawa na atanitangaza kwamba sijui kazi. Hiyo elimu unayotoa hapa mpeleke mteja kwanza, sisi tunauza kinachoulizwa.

Tena siku hizi hata OTC hawaitaki. Wanasema imegoma. Wanakuja na jina la enrofloksasini wamelipata kwenye kundi la WhatsApp, au ile ya mchanganyiko yenye kolistini. Nikikosa hizo, duka halina maana.

Bwana Vifaranga

Nakushukuru kwa ukweli, wengi wangesema wanauza kwa cheti cha daktari tu.

Umesema neno zito: OTC imegoma. Imegoma kwa sababu ya hicho hicho tunachobishania, na tafiti zilizofanyika nchini kwa bakteria wa kuku zinaonyesha hivyo, tetrasaiklini ni ya mbele kwa kugomewa. Sasa tunapanda ngazi. Enrofloksasini ni ndugu wa damu wa sipro mnayopewa hospitali. Ndani ya mwili sehemu yake inageuka kuwa sipro yenyewe. Marekani waliiondoa kwenye kuku mwaka 2005 baada ya kuona bakteria wa kuku wanarudi kwa watu wakiwa wameshazoea dawa hiyo. Na salmonela inayogomea dawa za kundi la sipro imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya bakteria wanaohitaji dawa mpya, orodha ya 2017 na ile ya 2024.

Kolistini ndiyo inayonitisha zaidi. Hiyo madaktari wa binadamu wanaiweka akiba ya mwisho, mgonjwa yuko chumba cha uangalizi maalumu na kila kitu kimeshindikana. Novemba 2015 Wachina walitangaza kinasaba cha kuigomea, kinaitwa mcr-1, kikiwa kwenye plasmidi, yaani kinachopeanwa. Mwaka 2017 wakaizuia kama dawa ya kukuzia mifugo. Sisi huku tunamnywesha kifaranga wa siku moja ambaye shida yake ni baridi.

Ombi langu kwa maduka ni dogo: hizo mbili msizitoe bila mtu wa mifugo kuona mzoga. Moja tu apasuliwe. Ukiwa na wembe na glavu ni dakika tano.

Simba wa Sokomatola

Mbona mnatutisha bure. Kuku si anapikwa? Bakteria sugu au laini, kwenye mafuta yanayochemka wote wanakufa. Halafu kuna siku za kusubiri, dawa inaisha mwilini kabla ya kuchinja. Hapo tatizo liko wapi?

Bwana Vifaranga

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mafaili mawili.

Siku za kusubiri ni habari ya mabaki ya dawa kwenye nyama. Ukifuata lebo, mabaki yanashuka. Kwa dawa ya kuanzia mabaki hata si hoja, maana ulimpa siku ya tatu na unamchinja wiki ya tano au ya sita. Dawa imeshaondoka zamani. Ndiyo maana kila mtu anaiona haina madhara. Lakini bakteria aliyechujwa siku ya tatu hajaondoka. Ana mwezi mzima wa kuzaana, kusambaa kwenye maranda na kuwapa wenzake plasmidi. Hakuna siku za kusubiri za bakteria.

Kupika kweli kunaua, usugu wa dawa haumfanyi bakteria astahimili moto. Nyama ikifika nyuzi 75 katikati, imekwisha. Hata huku Mbeya ambako kwa sababu ya mwinuko maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, zinatosha na kubaki. Ila kabla ya kufika kwenye moto kuku amepita wapi? Kachinjwa uani, katumbukizwa kwenye sufuria ya maji ya moto ambayo wamepita wengi kabla yake, kanyonyolewa, utumbo umepasuka kidogo, kaoshwa kwenye beseni moja na wengine. Nyumbani anakatwa kwenye ubao, kisu kinafutwa na kitambaa, ubao huo huo unakatiwa nyanya za kachumbari. Kachumbari haipikwi.

Kaangalie na koleo la muuza chipsi jioni. Linashika paja bichi kuliweka kwenye mafuta, na linashika lililoiva kukuwekea kwenye sahani.

Mtoto wa Ghana

Mkuu chipsi zangu zimefika na sasa siwezi kula.

Jogoo la Ileje

Ndiyo maana sisi wengine ni kienyeji tu. Broila ni sumu inayotembea. Mwachieni wa mjini.

Bwana Vifaranga

Jogoo, kienyeji naye anabeba salmonela, tena anachokula jalalani unakijua. Na mama zetu vijijini kuku akizubaa wanafungua ile kapsuli ya tetrasaiklini ya rangi mbili, ya binadamu, wanamwagia kwenye kopo la maji. Kapsuli moja, kuku wangapi, siku ngapi, Mungu ndiye anayejua. Usugu hauulizi kabila la kuku.

Nesi Zamu ya Usiku

Habari zenu wote. Niseme upande wa wodini maana umeguswa.

Mtu akila salmonela ya kuku, kati ya saa 6 na saa 72 hivi anaanza kuharisha, tumbo kukata, homa. Wengi wanapona wenyewe ndani ya siku nne mpaka saba kwa maji na ORS, hawahitaji antibayotiki kabisa. Wanaotutoa jasho ni watoto wachanga, wazee, wenye VVU ambao hawajakaa sawa, na wenye selimundu. Kwa hao bakteria anaweza kutoka utumbo akaingia kwenye damu. Hapo ndipo unahitaji sipro au seftriaksoni ifanye kazi leo, si kesho. Mtoto yuko na malaria na utapiamlo, unamchoma sindano, homa haishuki, unabaki unamtazama mama yake.

Jambo la pili. Huku mitaani kila mtu ana "taifodi na UTI". Kipimo cha Widal, kile cha damu cha kutafuta taifodi, kinaweza kusoma kwamba unayo hata kama umewahi kukutana na salmonela nyingine, au uliugua taifodi zamani. Kinachotoa jibu la uhakika ni kuotesha damu maabara, kuona bakteria gani anaota. Sasa mtu anapima Widal duka la dawa, anaambiwa ana taifodi, anapewa sipro vidonge sita, akipata nafuu anaacha na vinavyobaki anamwekea mtoto. Kwa hiyo wafugaji msijione mmesimamishwa kizimbani peke yenu, na sisi wa upande wa binadamu tunachangia kwa mikono miwili.

Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Serikali yetu ina mpango kazi wa UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa) tangu 2017, na kila Novemba tarehe 18 mpaka 24 kuna wiki ya kuhamasisha. Mabango mazuri. Nadhani huyo ndugu wa Mwanjelwa hajawahi kualikwa.

Muuza Pembejeo Mwanjelwa

Sijaalikwa, nesi. Na fulana sijapewa.

Mzee wa Igawilo

Vijana, hamjambo. Mmezungumza nyama na dawa, mmesahau samadi.

Maranda ya broila huku kwetu hayatupwi. Kuku wakitoka tu, gari linakuja, yanapakiwa kwenye viroba yakiwa bado ya moto yana unyevu, yanakwenda kwenye viazi na bustani za mboga. Kwenye kiazi sina neno sana, kinafukiwa na kinachemshwa. Lakini nimeona yanamwagwa kwenye mchicha na saladi ikiwa imeshaota, mwagilia juu, siku chache inavunwa inakwenda sokoni. Mtu anayekwepa broila anamla huyo huyo broila kwenye saladi.

Zamani mtaalamu alitufundisha kulundika. Unajenga lundo, unalilowesha kiasi, unalifunika, ndani linachemka. Ukichomeka fimbo ya chuma ukaishika baada ya muda inaunguza. Likipoa unaligeuza, la nje liingie ndani, linachemka tena. Mkifanya hivyo ndipo mwagieni shambani, tena kabla ya kupanda. Siku hizi hakuna mwenye subira, hela ya samadi inatakiwa siku ile ile.

Bwana Vifaranga

Shikamoo mzee. Umenikumbusha kitu kikubwa na nilikuwa nakiruka. Lundo likifika nyuzi 55 na kwenda juu kwa siku kadhaa, na likageuzwa mara kadhaa, salmonela inakufa. Vinasaba vya usugu haviteketei vyote, ila vinapungua. Wenye bustani bondeni, ambao mifereji yao inapita chini ya mabanda, huyo mzee ni wa kumsikiliza kuliko mimi.

MamaBroila Kihesa

Shikamoo mzee. Mimi samadi nauza hivyo hivyo ikiwa mbichi, sikujua. Sasa kaka, banda langu lina salmonela au halina? Maana hapa nimeshaogopa hata kuingia na mtoto mgongoni.

Soksi na Kisahani

Nijibu hilo, ndiyo kazi yangu ya kila siku, maabara.

Kwa macho hujui, dada. Kupima banda la broila ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: unavaa soksi safi za pamba zilizoloweshwa maji ya chumvi (saline) ya duka la dawa, juu ya kifuniko cha kiatu, unatembea banda zima, kona, chini ya drinka (vyombo vya maji), katikati. Soksi zinabeba kinyesi cha kuku wote. Unazivua, unazifunga kwenye mfuko safi.

Zikifika kwetu tunaziloweka kwenye mchuzi wa peptoni, chakula cha kuoteshea bakteria, usiku kucha kwa nyuzi 37, bakteria waliochoka wapate nguvu. Kesho yake tunahamishia kwenye mchuzi mwingine mkali, nyuzi 41.5, ambao wengi wanashindwa isipokuwa salmonela. Siku ya tatu tunapaka kwenye kisahani chekundu. Ukifungua asubuhi na kukuta vidoa vyekundu vyenye kitovu cheusi katikati, kama macho yanakutazama, moyo unashtuka kidogo. Tunathibitisha kwa vipimo vingine, halafu tunakwenda kwenye dawa: unapaka bakteria kisahani kizima, unapanga vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kina dawa yake, unaacha usiku. Dawa inayofanya kazi inaacha duara safi kuizunguka, tunalipima kwa milimita. Iliyogoma, bakteria wameota mpaka wanagusa karatasi. Tetrasaiklini kwangu kuona bila duara kabisa si habari tena.

Jumla ni wiki hivi. Ndiyo maana wafugaji wa broila hawaji, wanasema majibu yatatoka kuku wameshaliwa. Ila majibu si ya kuku hawa, ni ya banda. Salmonela ya kundi hili ndiyo itakayowapokea wanaofuata kama hujaondoa maranda yote, hujasugua kwa sabuni mpaka sakafu ikaonekana, kisha dawa ya kuua vijidudu, kisha kuacha wazi wiki mbili. Dawa ya kuua vijidudu ukiimwaga juu ya kinyesi umeinyunyizia harufu tu. Na panya. Watu wanasafisha banda linang'aa halafu panya wale wale wanarudi, na panya mmoja kinyesi chake kina salmonela ya kutosha kuanzisha upya kila kitu. Angalieni na dagaa wa kuchanganyia chakula, waliokaushwa mchangani.

Simba wa Sokomatola

Sasa mkuu Bwana Vifaranga, kwa hiyo antibayotiki zisitumike kabisa? Kuku waachwe wafe?

Bwana Vifaranga

Hapana, sijasema hivyo. Kuku mgonjwa atibiwe. Maabara ikisema ni Gallinarum, ikasema dawa fulani inaitika, mpe hiyo, dozi kamili kwa uzito, siku zote, maji mengine yaondolewe. Ujue tu kwamba itapunguza vifo lakini wanaobaki wengine watabeba kimya kimya, kwa hiyo kundi hilo likitoka banda lipumzike. Ninachokataa ni kumtibu mzima kwa sababu ya hofu. Na kideri na gumboro ni virusi, antibayotiki haivigusi, huko chanjo ndiyo kila kitu.

Mtu anayefuga kuku mia mbili Isyesye hawezi kubeba gharama ya maabara peke yake kila kundi, nalijua hilo. Vikundi vya mikopo mnavyo tayari. Chama kimoja kitoe sampuli ya mabanda matatu yanayonunua vifaranga sehemu moja. Yote yakitoka na salmonela aina ile ile yenye usugu ule ule, basi mmejua inatoka wapi, na mna karatasi ya kumwekea mezani anayewauzia vifaranga.

MamaBroila Kihesa

Hilo la kikundi nimelichukua. Kikao chetu ni Jumamosi. Ila kaka, mwezi wa saba nitawasha majiko matatu, wakifa nakuja kukutafuta humu humu.

Bwana Vifaranga

Njoo, nitakuwepo. Andika na unachookota kila asubuhi, tuweke hapa.

Mnyalu wa Mafinga

Ndugu wa maabara, nauliza kwa vitendo. Mimi niko Mafinga, nikivaa hizo soksi leo, nazitumaje? Naweza kuwapa watu wa basi?

Soksi na Kisahani

Unaweza. Kwanza piga simu kituo cha TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Iringa uwaulize kama wanapokea sampuli ya kuotesha wiki hiyo na gharama ni kiasi gani, usitume kwa kushtukiza. Chukua soksi kabla hujawapa kuku dawa nyingine yoyote. Mfuko wa kwanza ufunge, uweke ndani ya mfuko wa pili, kisha kwenye boksi la barafu, zipoe, zisigande. Zifike ndani ya saa 24. Kwenye karatasi andika umri wa kuku, idadi, waliokufa, na dawa zote walizowahi kupewa na tarehe zake, hata ile ya kuanzia, usione aibu. Karatasi ikae nje ya mfuko, ikiloa hatusomi.

Na usitume Ijumaa jioni. Boksi litalala stendi mpaka Jumatatu.